Albamu ya Queen ambayo haikutoka, nimeiunga mwenyewe

Kama wewe ni mtu wa Queen, ile bendi ya rock ya Uingereza, unaijua habari ya albamu yao The Miracle, na kama sio mtu wao vumilia kidogo nitakueleza, maana hii post ni ndefu na nimekaa nayo kichwani muda mrefu. Kwa kifupi ni kwamba jamaa waliingia studio Januari 1988 wakaja kumaliza mwanzoni mwa 1989, wakarekodi vitu vingi mno, inatajwa kama nyimbo 30 hivi, halafu albamu ilipotoka Mei 1989 ilikuwa na nyimbo 10. Kumi tu! Zingine chache zikatupwa upande wa pili wa singo, zile ambazo mtu anageuza sahani akishachoka na upande wa kwanza, na zilizobaki zikalala kwenye makabati zaidi ya miaka 30.

Sasa Novemba 2022 wakatoa lile boksi kubwa la The Miracle, na ndani yake kuna CD nzima ya vitu vya studio, na humo kuna nyimbo sita ambazo hazikuwahi kutoka rasmi kabisa. Sita! Face It Alone ndio iliyopigiwa debe ikatoka mwezi mmoja kabla, Oktoba, redio zikaipiga, watu wakalia, sawa. Lakini zile tano zingine watu walizisikiliza mara moja wakasema ooh nzuri wakaendelea na maisha yao. Mi sikuweza. Nikaanza kujiuliza, hivi ukizichukua hizi sita ukachanganya na zile za upande wa pili wa singo, ukatupia na ile moja waliyoiondoa dakika za mwisho, si unapata albamu nyingine nzima? Albamu ya Queen ya 1989 ambayo haipo?

Unapata. Nimeitengeneza, iko kwenye simu, na leo nataka kueleza nilivyoipanga na kwa nini naiona ina habari nyingine kabisa, tofauti na The Miracle yenyewe.

Jina halikunisumbua hata kidogo maana lilikuwepo tayari. The Miracle ilikuwa iitwe The Invisible Men, jina likabadilishwa wiki chache tu kabla ya kutoka. Kwa hiyo jina lenyewe limebaki linaelea halina mwenyewe, nikaona basi nalichukua mimi. Na kusema kweli linafaa zaidi huku kuliko kule, watu wasioonekana, nyimbo zisizoonekana, kila kitu kimekaa mahali pake.

Kabla sijaenda mbali, masharti niliyojiwekea, maana bila masharti hii kazi haina maana, utajikuta unapanga tu nyimbo unazozipenda. Sharti la kwanza, wimbo uwe umerekodiwa kipindi kile kile cha The Miracle, sio kabla sio baada. Hili limeniuma kwa sababu Let Me in Your Heart Again naipenda sana, ile iliyokuja kutoka 2014, ila ile ni ya kipindi cha albamu ya The Works, miaka minne mitano nyuma huko, bendi nyingine kabisa kwa mawazo. Nje. Lost Opportunity ambayo Brian May mpiga gitaa anaimba nayo ni ya Innuendo, albamu iliyofuata, nje. La pili, wimbo usiwe kwenye zile 10 zilizotoka. La tatu, lazima iingie kwenye sahani moja ya santuri, upande huu na upande ule, kama ingetoka kweli mwaka ule. Hili watu wanalipuuza wanapotengeneza albamu zao za kufikirika, wanajaza dakika 75 halafu wanaita albamu. Santuri ukiizidisha kama dakika 22 kwa upande mifereji inabanana, sauti inashuka, besi inapungua nguvu, kwa hiyo wenyewe walikuwa wanachagua kwa maumivu na wewe uchague kwa maumivu. Na la nne, hakuna kumwimbisha Freddie Mercury, mwimbaji wao aliyefariki 1991, kwa AI. Nimeona watu mtandaoni wanachukua demo, yaani rekodi ya majaribio, wanamalizia mashairi kwa sauti ya kompyuta na kusema eti wamekamilisha. Hapana jamani. Pale alipoishia ndio alipoishia.

Kanda za magendo pia sikugusa. Zipo, mafeni wa Queen wamekuwa wakibadilishana hizo vitu tangu enzi za kaseti, na baadhi ya hizi nyimbo walikuwa wanazijua zamani sana kwa ubovu wa sauti ya kunakili juu ya kunakili. Mimi nimetumia kilichotoka rasmi tu.

Haya. Malighafi ni hii. Kwenye singo za 1989 tuna Hang On in There (nyuma ya I Want It All), Stealin' (nyuma ya Breakthru), Hijack My Heart (nyuma ya The Invisible Man, hii anaimba Roger mpiga dramu), na My Life Has Been Saved (nyuma ya Scandal). Kuna Chinese Torture, kipande cha gitaa tupu hakina maneno, hiki pamoja na Hang On in There viliongezwa kwenye CD ya mwaka ule ule. Halafu zile sita za boksi: Face It Alone, I Guess We're Falling Out, Dog with a Bone, Water, When Love Breaks Up na You Know You Belong to Me. Na ya mwisho Too Much Love Will Kill You, ambayo ina kisa chake nitakuja nacho.

Mara ya kwanza nilizipanga kama mtu yeyote angepanga, za kasi mwanzo, za polepole katikati, unamalizia na kubwa. Nikaweka spika sebuleni. Mdogo wangu wa kike alikuwa anapika, hana habari na Queen zaidi ya zile mbili tatu zinazojulikana na kila mtu duniani, akatoka jikoni na mwiko mkononi akasema, "Kaka, hawa wote wameachwa?"

Nikamwambia wameachwa vipi.

"Si nasikia. Huyu anaachana, huyu amebaki peke yake, huyu mapenzi yatamuua. Wamefiwa?"

Yaani mimi nimekaa na hizi nyimbo miezi, nasikiliza gitaa limeingia wapi, dramu imekaaje, na mtu anayekaanga vitunguu kasikia jambo lenyewe kwa wimbo wa nne. Hebu angalia hayo majina tena. I Guess We're Falling Out. When Love Breaks Up. Face It Alone. Too Much Love Will Kill You. You Know You Belong to Me. Hata Hang On in There ni mtu anamwambia mwenzake kaza roho usikate tamaa, na hilo huwezi kumwambia mtu ambaye mambo yake ni mazuri. My Life Has Been Saved inaanza tu kwa kusema watu kila mmoja anashika njia yake, mbele kidogo kuna vifo kwenye magazeti.

Sasa chukua The Miracle iliyotoka. Inaanza na Party halafu bila kupumua inaingia Khashoggi's Ship, ni sherehe kwenye sherehe, boti ya tajiri, fujo. Kuna wimbo wa muujiza, kuna I Want It All ngumi hewani, kuna Breakthru. Scandal ina machungu ndio, ila machungu ya hasira, ya magazeti ya udaku yanayochimba maisha ya watu, sio huzuni. Na kava je? Ile kava ya nyuso nne zimeunganishwa zikawa uso mmoja wenye macho mengi, aliyeitengeneza Richard Gray kwa kompyuta, kazi kubwa kwa wakati ule. Ndani nyimbo zote zimeandikwa jina la Queen, mara ya kwanza kwa albamu nzima hawakutenganisha nani katunga nini. Kila kitu kinakuambia sisi ni kitu kimoja, tumerudi, tuko imara.

Na zilizobaki kwenye kabati ni za kutengana.

Sisemi walificha makusudi, sina ushahidi na wala siamini hivyo. Nyingi zilibaki kwa sababu hazikuisha, na pia zilizobaki sio zote za huzuni, Stealin' ni utani mtupu na Dog with a Bone ni watu wanafurahi studio. Lakini ukijua mwaka ule ulikuwaje ndani ya bendi haishangazi. Walikuwa hawajakaa studio kutengeneza albamu kwa kitambo, shoo yao ya mwisho ilikuwa Knebworth, Uingereza, Agosti 1986, baada ya hapo kila mtu na lake, Roger akaanzisha bendi yake The Cross, Freddie akaenda kufanya albamu ya Barcelona na mwimbaji wa opera Montserrat Caballé. Brian ndoa ilikuwa inavunjika, na 1988 hiyo hiyo akampoteza baba yake. Freddie yeye alikuwa ameshajua tangu 1987 kwamba ana virusi vya UKIMWI. Hapo ndipo hawa wanne wanakaa chumba kimoja, London na kule Montreux Uswisi kwenye studio yao, wanasema tutunge. Sasa ukikaa watu wanne wenye hali hiyo ukaanza kupigapiga tu bila mpango kitatoka nini? Kinachotoka ndio hiki. Baadaye wakikaa kuchagua za kuuza, zinachaguliwa zile za kusimama wima.

Kwa hiyo nikafuta mpangilio wote nikaanza upya, na safari hii nilijua natafuta nini.

Wimbo wa kwanza nikaweka I Guess We're Falling Out. Watu watabisha, utaanzaje albamu na demo? Ndio maana nimeanza nayo. Ni wimbo ambao ukiusikia unajua kabisa ungekuwa mkubwa, kiitikio kipo tayari kinaelea, ila kuna sehemu unasikia mashairi hayajakamilika, Freddie anashikilia njia ya sauti tu ili asipoteze melodi, maneno atakuja kuyaweka siku nyingine. Hiyo siku haikuja. Sasa ukiweka kitu kama hicho mwanzo kabisa msikilizaji anajua amekalia nini, kwamba hii nyumba haijapakwa rangi na kuna chumba hakina mlango. Ukiificha katikati inaonekana kama kasoro.

Nikafuatisha na Hijack My Heart ya Roger, maana baada ya huzuni ile unahitaji sauti nyingine. Roger ana ile sauti ya mikwaruzo, anasimulia kakutana na mwanamke mmoja wa jeuri, na wimbo unakwenda wenyewe. Kuna mafeni wanasema hii ingeingia The Miracle badala ya Rain Must Fall. Mi Rain Must Fall naipenda kwa hiyo hapo sina la kusema. Halafu Stealin', gitaa la kawaida lisilo la umeme, Freddie anajifanya mwizi mzoefu anayejieleza kwamba maisha ndiyo yamemfikisha hapo, na unasikia kabisa anacheka ndani ya sauti. Mtu anayesema Freddie wa miaka ile alikuwa kachoka asikilize hii kwanza.

Baada yake inakuja You Know You Belong to Me, fupi, laini, hapo utani umeisha. Na upande wa kwanza unafunga na Too Much Love Will Kill You.

Hii sasa. Brian aliitunga na watu wawili wa nje ya bendi, Frank Musker na Elizabeth Lamers, ikaja studio, Freddie akaiimba, ikawa imepangwa iwemo kwenye The Miracle. Lakini haki za uandishi zikaleta shida, ikaondolewa. Dunia ikaja kuisikia kwa mara ya kwanza Brian mwenyewe akiimba na kinanda, Wembley, tarehe 20 Aprili 1992, kwenye ile tamasha ya kumkumbuka Freddie. Ile ya Freddie ikangoja mpaka albamu ya Made in Heaven, 1995, miaka minne tangu afariki. Kwa hiyo watu wengi wanaichukulia kama wimbo wa mtu anayekufa. Kumbe alipouimba ni 1988 huko, kaja studio siku ya kazi, kaimba wimbo wa rafiki yake ambaye moyo wake umegawanyika hajui aende wapi. Mzigo wa Brian huo, Freddie kambebea. Ukiujua hivyo unasikika tofauti kabisa, mi nilipourudia nikiwa na hilo kichwani nilisimamisha mara kadhaa.

Kwenye boksi la 2022 wameweka santuri yenye mpangilio wa awali wa The Miracle, na Too Much Love imerudishwa mahali pake. Nimesikiliza. Na nasema kwa heshima zote, haikai. Unatoka kwenye makelele ya ushindi ghafla mtu analia, halafu makelele tena. Kule ilikuwa mgeni. Huku kwenye hii yangu iko kwa ndugu zake.

Geuza sahani. Upande wa pili nimeanza na Hang On in There kwa sababu ndio wimbo uliokamilika kuliko yote humu, umepigwa sawasawa, Freddie anapanda juu mpaka unamwogopea, na baada ya kufungwa na wimbo kama ule wa Brian unahitaji mtu akuinue kwa kola. Kisha Dog with a Bone, Freddie na Roger wanapokezana, rock ya kizamani ya kuchezea tu. Nina mshkaji wangu Arusha tunabishana kuhusu hii mpaka leo, yeye anasema umeharibu, umejenga albamu ya majonzi safi halafu katikati unaweka mchezo wa kitoto, itoe uweke Water. Mi namwambia sikiliza bwana, hakuna bendi ya watu walio kwenye shida ambayo haichekeshani. Ukiondoa kicheko unabaki na bendi ya kwenye filamu. Na kwenye hiyo CD ya boksi wameacha maongezi ya studio kati ya nyimbo, wanataniana, wanakosoana, wanabishana, ndio watu wenyewe hao. Vipande viwili vifupi vya maongezi hayo nimevibakiza kwenye upande wa pili, kimoja kabla ya Dog, kingine nitakuja nacho.

Water nimeiacha nje. Sio mbaya, ila ni demo fupi inayoomba kufanyiwa kazi, na albamu moja inaweza kubeba demo ngapi? Ukiweka ya ziada inakuwa mkusanyiko wa mabaki, sio albamu. Hapo ndipo tofauti ilipo kwangu.

Chinese Torture nimeiingiza. Jina baya, najua, la enzi zile. Lakini kama daraja ni kitu kizuri, gitaa la Brian linazunguka mahali pamoja kama mtu asiyepata usingizi, hakuna maneno, dakika moja na kitu. Inakutoa kwenye kicheko cha Dog inakuweka kwenye My Life Has Been Saved bila kukuambia inakupeleka wapi. My Life nimetumia ile ya 1989, sio ya Made in Heaven. Ile ya 1995 muziki wake uliundwa upya na wenzake baada ya yeye kuondoka, imeng'arishwa vizuri, lakini sharti ni sharti, na pia ile ya mwanzo ina hali fulani ya haraka, kama wamepita nayo mara moja wakaona inatosha.

Halafu When Love Breaks Up. Hii ikianza mtu wa Queen anaruka kwenye kiti, kwa sababu unaijua! Ni ule mwanzo wa Breakthru, ile sehemu ya taratibu ya sauti za kupangwa kabla dramu haijaingia na treni ya kwenye video haijapasua ukuta. Kumbe ulikuwa wimbo unaojitegemea, wakaukata kichwa wakauvisha wimbo mwingine. Kwenye Breakthru hayo maneno ya mapenzi kuvunjika yanadumu sekunde chache tu halafu furaha inayafagia. Hapa hakuna cha kuyafagia. Yanaimbwa, yanaendelea, yanaishia pale pale. Kama ningetakiwa kumwonyesha mtu kwa mfano mmoja tofauti kati ya albamu iliyotoka na hii ambayo haikutoka, ningempigia huu halafu Breakthru mara moja, nisiseme kitu.

Na mwisho Face It Alone, mahali pengine haiwezi kukaa. Kuna sababu ya kifundi pia: kwenye santuri mifereji ya karibu na katikati haishiki vizuri sauti kali, kwa hiyo tangu zamani mafundi walipenda wimbo wa polepole ukae mwisho wa upande. Ila hata kama ingekuwa CD ningeiweka pale pale. Brian na Roger walishasema kwamba hii walikuwa wanaijua ipo, wameitazama mara kadhaa huko nyuma wakaona haiokoleki, mpaka mafundi wao walipokaa nayo wakashona vipande. Na mishono unaisikia kidogo ukitumia hedfoni nzuri. Maneno ni machache mno, mistari inajirudia, gitaa linaingia kwa noti moja moja zenye nafasi kubwa katikati, dramu nzito ya mbali. Halafu Freddie anaanza chini kabisa, sauti ya mtu anayeongea na nafsi yake, na anapofika kwenye neno la peke yako anaifungua yote. Hapigi kelele. Anaifungua tu.

Mbele ya wimbo huo ndio nimeweka kile kipande cha pili cha maongezi. Wanaongea vitu vya kazi, havina uzito wowote, na nimekiweka kwa sababu hiyo. Mtu aliyekuwa anataniana na wenzake sekunde kumi zilizopita ndiye anayeimba hivi.

Kwa upande wa ufundi kazi ilikuwa ya kuudhi. Nyimbo za singo za 1989 zina sauti ya chini, zile za boksi zimepandishwa kwa mtindo wa siku hizi, ukizipanga hivi hivi inakuwa mara unaongeza sauti mara unakimbilia kupunguza. Nimetumia Audacity, programu ya kuhariri sauti, maana ni ya bure, nikazishusha zile mpya zote zikafuata za zamani badala ya kuzipandisha za zamani, kwa sababu ukipandisha unaua pumzi ya wimbo. Hijack na Stealin' nimezibana zikaribiane karibu zigusane, ila baada ya Too Much Love nimeacha kimya kirefu cha mtu kuinuka na kugeuza sahani, hata kama hakuna sahani. Jumla yake dakika 40 hazifiki. Nilijaribu kuinyoosha zaidi nikaona inapwaya.

Kuna mtu aliniuliza unapata faida gani, wewe mtu wa Dar, kuhangaika na mabaki ya bendi ya Waingereza. Kwanza huyu Freddie kazaliwa Unguja kwa jina la Farrokh Bulsara, 5 Septemba 1946, familia ikaondoka 1964 baada ya Mapinduzi, akiwa kijana wa miaka 17. Pale Shangani kuna makumbusho yake tangu 2019, watalii wanapanga foleni kupiga picha mlangoni, na wenyeji wengi wanapita zao sokoni wala hawageuzi shingo. Pili, hata asingezaliwa Unguja ningefanya tu. Kuna watu wanakesha na mpira.

Kava nimetengeneza pia, ya hovyo hovyo. Nilitaka kinyume cha ile ya Richard Gray, badala ya nyuso nne kuwa moja, viti vinne vya studio vimeachana, hakuna mtu. Mdogo wangu akaangalia akasema inafanana na tangazo la fenicha. Kwa hiyo kwa sasa ni nyeusi tupu na jina kwa herufi nyeupe, The Invisible Men, na mshkaji wa Arusha ana nakala yake ambayo kaitoa Dog with a Bone kaweka Water, akaniambia ndio toleo sahihi. Nimeisikiliza. Upande wa pili unakufa mapema mno, wimbo wa tatu tu umeshazama na hakuna wa kuuinua, na nimemwandikia hivyo hivyo.